Barua kwa mwanangu: kabla hamjanunua monita

Mwanangu,

Barua yako imefika, na mama yako amefurahi kusikia kwamba mafua yamekuacha. Unauliza: fedha za mavuno zimetosha, sasa kanisa lenu huko Mwanza linunue monita za masikioni, za kuwarudishia waimbaji na wapiga ala sauti wasikie wanachofanya, au liongeze spika mbili za sakafuni za kazi hiyo hiyo? Hilo nitalifikia. Mimi kwanza nataka kujua Jumapili nani ana ruhusa ya kugusa miksa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, zaidi yako.

Lile la zamani unalijua, umelisikia mpaka limekuchosha: mwimbaji akiomba aongezewe, mpunguzie kingine. Ukimwongeza yeye, mpiga besi atapandisha amplifaya yake, mpiga ngoma atazidisha mkono, na kabla ya wimbo wa pili kwisha maiki zinapiga mluzi. Mshushie kinanda kidogo kwenye monita yake uone kama hatatulia. Na kwaya haina haja ya kujisikia yenyewe kwenye monita. Ipe kinanda na sauti ya anayetangulia, basi.

Ile Jumapili ya kuzindua jengo la kanisa la Kihonda, Morogoro, ulikuwa mdogo, ulikaa na shangazi yako. Jumamosi yake nilikesha pale. Napandisha maiki moja moja mpaka ianze kulia, natafuta kitelezi chake kati ya vile 31 vya ikwalaiza (kila kimoja hupandisha au kushusha kimo chake cha sauti), nakishusha, naendelea na nyingine. Bati juu, simenti chini, ukumbi mtupu: kila sauti inarudi. Watu wakijaa hunyonya sauti, kwa hiyo nilijua kilichotulia Jumamosi kitatulia na Jumapili.

Na kilitulia, mpaka matangazo. Katibu akakifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja kama msanii wa bongo fleva. Maiki ikishikwa hivyo haichagui tena upande wa kusikiliza. Ikaiokota monita ya miguuni, ikapiga mluzi. Nilikuwa nimeshaukata pale yule mzee wa kanisa wa koti la kijivu (ndiye, aliyekula pilau mara mbili kwenye kipaimara chako) alipofika, akapitisha mkono mbele ya kifua changu na kufunga monita zote. "Hizi za nini? Zinampigia mchungaji kelele!" Sijamaliza kumjibu, kwaya imesimama, kinanda kimeanza.

Spika kubwa ziko mbele ya kwaya, zimewapa mgongo. Kinanda walichobaki nacho ni kile kinachorudi kutoka ukuta wa nyuma, kama mita 25. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni karibu sehemu ya saba ya sekunde. Usiidharau. Mpiga ngoma akashika mapigo yake, kwaya ikafuata ukuta, na mama yako aliyekuwa akitangulia akateremka nusu toni bila kujua. Alimtazama mwalimu wa kwaya, kisha akanitazama mimi. Baada ya ibada watu wakasema kwaya haikufanya mazoezi. Mwezi mzima walifanya, mwanangu! Wimbo ule mama yako hauimbi tena, hata akiwa peke yake jikoni.

Tumtendee haki mzee: mluzi ulikuwepo, na wageni walikuwa wameshaziba masikio. Asiyejua miksa afanye nini? Akae chini, ndicho afanye. Ingawa angeniuliza muda ule, sidhani kama ningemjibu kwa adabu. Lakini hakuuliza.

Haya, monita za masikioni. Hazipigi mluzi, kelele za jukwaani zinapungua, na mvua ikianza kulipiga bati mwimbaji bado anasikia. Ila aliyezivaa hawasikii waumini wakiitikia, labda umwekee maiki ya kuwaokota. Usipofanya hivyo atachomoa moja, na iliyobaki ataipandisha mpaka aumize sikio. Tena kwaya ya watu arobaini utaivishaje? Labda mpiga ngoma na anayetangulia. Mpiga ngoma hasa.

Mkichagua za sakafuni, zipangeni kwa akili. Maiki ya SM58, ambayo kampuni ya Shure waliitoa mwaka 1966 na bado naiona kila kanisa ninaloingia, ni kiziwi upande wa mkiani. Monita ikae mbele ya mwimbaji, mkia wa maiki uielekee. Zile maiki zinazosikia kwa wembamba zaidi, uziwi wake uko nyuma kwa pembeni, basi monita nayo isogee pembeni. Hilo halidai hata senti ya mavuno. Na njia ya monita ichukue sauti kabla ya feda, kile kitelezi cha sauti ya ukumbini kwenye miksa, ili ukishusha sauti ya ukumbini mwimbaji asipotee. Akilalamika hata hivyo, mpunguzie kingine.

Sitawaambia mnunue zipi. Kamati ni yenu na mimi si muumini wa huko. Ninalo la kusema, mama yako anasema niliseme tu, lakini nanyamaza. Nipigie picha nyuma ya miksa yenu nihesabu matundu ya kutolea monita. Yakiwa mawili tu, usiniulize tena. Peleka fedha kwenye miksa, na ofisi ya fundi mitambo iwe na mlango wa kufunga.

Baba yako