Shayiri: maka za DNA au rula na daftari? Jibu langu baada ya misimu miwili

Mkuu, umeuliza: una aina 40 za shayiri unazotaka kujua zinavyotofautiana na bajeti ya kuungaunga, je, ulipie maka za DNA (alama kwenye DNA zinazotofautisha mmea na mmea) au ubaki shambani na rula ukipima sifa za mimea? Nilipita hapo hapo nikisoma shahada ya pili. Nilikuwa na sampuli 48, nyingi mbegu za asili za wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia, zilizobaki aina za kimea zinazolimwa huku West Kilimanjaro. Nakujibu kwa makosa yangu.

La kwanza lilinila wiki tatu. Shayiri hujichavusha yenyewe kwa karibu asilimia 99, kwa hiyo mmea mmoja ukiupima kwa SSR (vile vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia) unategemea kuona mstari mmoja kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA, maana nakala zake mbili zinafanana. Mimi nikawa naona miwili, sampuli baada ya sampuli. Nikalaumu praima (vipande vya kuanzishia unakili wa DNA), nikalaumu mashine ya PCR inayonakili DNA, nikarudia kutoa DNA hadi koti likanuka klorofomu. Kumbe nilikuwa nasaga majani ya mimea mitano kwa pamoja, na mbegu ya asili ya Ethiopia mara nyingi ni mchanganyiko. Fundi wa maabara, mama mtu mzima, alimwaga mfuko mmoja kwenye sahani nyeupe: punje nyeusi, nyeupe na zambarau. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi uliziangalia kweli?"

Kwa hiyo anza na suke moja kwa kila aina, livune peke yake, panda punje zake, jani la DNA lichume hapo. Kama unachotaka ni tofauti zilizomo ndani ya mbegu ya mkulima mmoja, chukua mimea 8 au 10, ila kila mmoja na kichupa chake.

Shambani, usipime kila kitu. Idadi ya safu kwenye suke, rangi ya punje na kama ganda limeshika au linaachia, hivyo havijali mvua. Urefu unajali sana. Msimu wangu wa kwanza mvua zilikatika mapema nikaandika "fupi" kwenye aina kadhaa. Msimu uliofuata zikanifika kifuani. Weka marudio matatu, yaani kila aina uipande kwenye vishamba vitatu, la sivyo utakuwa unapima udongo. Urefu pima toka ardhini hadi ncha ya suke, ndevu usizihesabu. Na andika siku za kutoa masuke, hiyo ndiyo sifa iliyonilipa kuliko zote.

Sasa jambo litakalokuchanganya: mti wa ukoo (mchoro wa nani ni ndugu wa nani) uliotokana na sifa na ule wa maka havikufanana. Msimamizi wangu alidhani nimechanganya lebo. Hapana. Chukua safu mbili na safu sita, tofauti ambayo hata mtoto anaiona. Inashikwa hasa na jeni moja, Vrs1, kwenye kromosomu ya 2H. Ikiharibika, vile vichanua vya pembeni vilivyokuwa tasa vinabeba punje. Jeni moja tu, wakati shayiri ina jozi 7 za kromosomu. Mimea miwili inaweza kutofautiana kwa macho na bado ikawa ndugu wa karibu, na nyingine zikafanana kama mapacha huku damu zao ziko mbali. Sifa zinakwambia mkulima alichagua nini, maka zinakwambia mbegu ilipita wapi. Fanya jaribio la Mantel, hesabu ya takwimu inayolinganisha umbali wa aina na aina kwa sifa na kwa maka, na kwa sifa tumia umbali wa Gower, kipimo kinachochanganya maneno na namba, kwa sababu una rangi na sentimita kwenye jedwali moja.

Kwa pesa yako, mimi ningepima sifa kwa aina zote 40, kisha SSR 14 hivi, mbili kwa kila kromosomu. Chipu ya SNP (inayosoma maelfu ya herufi mojamoja za DNA kwa mkupuo) ni tamu, lakini kama hujatenga mbegu itakupa uchafu ule ule kwa bei kubwa zaidi. Mbegu za Ethiopia zisikupite, hata zikilala shambani. Aleli (toleo la jeni) ya mlo-11 inayokinga shayiri nyingi za Ulaya dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ilitoka huko.

Halafu majani yakaushe kwa silika jeli (vipunje vya kunyonya unyevu) siku hiyo hiyo. Yangu ya mwanzo niliyatia kwenye mfuko wa nailoni, yakafika Arusha yameshakuwa uji.