Choroko zinateleza, na jirani anasema nimpe mama mkwe maharage mabichi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Isyesye, Mbeya. Tangu Mei ninajaribu kuotesha choroko jikoni kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Ninaziloweka usiku kucha, ninamwaga maji, kisha ninasuuza asubuhi na jioni. Ikifika siku ya nne mikia bado ni mifupi, zinateleza na zinanuka. Jirani ananiambia niachane na choroko, nioteshe maharage ya njano kwa kuwa yamezoea baridi yetu, halafu niyasage mabichi kwenye blenda na kumpa mama mkwe glasi moja kila asubuhi. Mama mkwe ana kisukari. Jirani anasema maharage yakishaota sumu yote inatoka. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Marahaba, mama. Usifuate. Na kama juisi hiyo imeshaanza kunywewa, isimamishe leo, kabla hata hujamaliza kusoma hapa.

Nianze na choroko, maana huko tatizo ni dogo. Ni baridi na huo mfuniko. Choroko ni zao la maeneo ya joto na huota vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 30 hivi. Jiko la Mbeya alfajiri ya Juni haliko karibu na hapo. Punje imekunywa maji, imeamka, lakini haina joto la kukua, kwa hiyo inakaa na kuoza. Mfuniko nao unazuia hewa, mvuke unagota juu na kudondoka tena, na punje za chini zinalala majini. Otesha nyingine kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka karibu na moto mnaopikia au pale nyuma ya friji ambapo ukigusa pana uvuguvugu. Suuza mara tatu kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ung'ute mpaka tone la mwisho. Kabla ya kuloweka, chambua: punje iliyopasuka wakati wa kupura haitaota, itaoza na kuozesha za pembeni yake. Hizo ulizonazo sasa mwaga. Zitakazofanikiwa, zipitishe dakika mbili tatu kwenye maji yanayotokota au kwenye karai lenye mafuta ya moto, ndipo mle. Sababu ya kuzipika nitaieleza.

Sasa jirani.

Hili la "yakishaota sumu inatoka" ninaletewa karibu kila wiki, na linanichosha kwa sababu limejengwa juu ya kipande cha ukweli. Kuota kweli kunabadilisha punje. Ile asidi ya faiti inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma hupungua. Vitamini C, ambayo kwenye choroko kavu ni kama haipo, hujitokeza. Sukari zinazojaza gesi tumboni nazo hupungua. Mtu akishasikia hayo matatu, la nne anajiongezea mwenyewe: kwamba kila kibaya kimeondoka na moto hauna kazi tena.

Maharage yetu, yawe ya njano, mekundu au ya madoadoa, hayafanani na choroko kama jirani anavyodhani. Yana protini iitwayo lektini, ambayo ikiwa mbichi hushambulia ukuta wa utumbo. Kwa maharage mekundu, punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu mzima. Saa moja hadi tatu baada ya kula huanza kichefuchefu, kutapika mfululizo, kisha tumbo kusokota na kuharisha. Kuloweka hupunguza kidogo, kuota hupunguza kidogo; kinachoivunja ni kutokota. Na uvivu wa moto ni mbaya kuliko mtu anavyofikiri: maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 tu yasitokote yanaweza kuwa na makali kuliko mabichi yenyewe.

Kumbuka pia tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ukienda Makete, ambako ni juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi za chini zaidi. Ndiyo maana sufuria ya maharage huku hukaa jikoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam, na ndiyo maana hatusikii watu wakidhurika nayo: hakuna mama wa Mbeya anayepakua maharage yakiwa bado yanagonga meno. Ulinzi wetu wote umekuwa huo wa kusubiri yaive. Blenda haisubiri. Inaisaga lektini nzima nzima na kuimimina kwenye glasi ya mgonjwa.

Wapo wanaojitetea kwa bibi zetu, kwamba nao waliotesha ulezi wakatengeneza kimea. Ni kweli, lakini angalia walifanya nini baadaye. Kimea kilianikwa kikauka, kikasagwa, unga ukaenda kwenye uji unaochemka. Mtama ulioota wenyewe ukiwa mbichi una kitu kinachoweza kutoa sayanaidi, sumu inayoua. Bibi hakuijua kwa jina, ila hakuwahi kutafuna mtama mbichi ulioota akauita dawa.

Kuhusu sukari ya mama mkwe: jirani atakutajia mtu fulani aliyekunywa juisi hiyo na sukari ikashuka. Ninaamini ilishuka. Mtu aliyetapika tangu asubuhi, hajala kitu, na tayari amemeza kidonge chake cha glibenklamidi au amechoma insulini, sukari lazima ishuke, na inaweza kushuka mpaka apoteze fahamu. Kipimo kitasoma namba ndogo na jirani atashangilia. Kama mama amekunywa na ameanza kutapika, mpeleke kituo cha afya leo hii, mweleze mhudumu alikunywa nini, saa ngapi, na dawa gani za sukari ameshameza. Asiache dawa zake kwa ajili ya juisi, ila akiwa anatapika mhudumu ndiye aseme ameze nini. Bakuli la maharage yaliyoiva mezani litamfaa kuliko juisi hiyo, maana yana nyuzinyuzi na hayapandishi sukari kwa kasi kama ugali wa sembe. Ni chakula kizuri hata bila kuitwa tiba.

Utaniuliza: basi choroko, ambazo hazina shida hiyo kubwa ya lektini, kwa nini nazo nisizile mbichi? Kwa sababu joto na unyevu unaoamsha punje ndio huohuo unaoamsha bakteria waliojificha kwenye mikunjo ya ganda lake. Mwaka 2011 Ujerumani, nchi yenye maabara na wakaguzi kila kona, watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa aina kali ya bakteria wa E. coli, na chanzo kilikuwa uwatu ulioota uliokuwa ukiliwa mbichi kwenye kachumbari. Wakulima hawakuwa wachafu; bakteria walikuja na mbegu. Ndiyo maana sina subira na anayeniambia atasuuza kwa chumvi, limau au siki. Huko Marekani mashamba yanayootesha hivi vitu kibiashara huelekezwa kulowesha mbegu kwenye klorini kali sana, na bado wajawazito, watoto, wazee na wenye kinga dhaifu wanaambiwa wasile mbichi. Limau la soko letu la Mwanjelwa litafanya nini?

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, na ndilo linaninyima usingizi zaidi. Watu wameanza kununua maharage ya kuotesha kwenye maduka ya pembejeo kwa sababu "mbegu ya dukani inaota yote". Inaota yote, ndiyo, kwa sababu imechaguliwa na kupakwa dawa ya ukungu na wadudu. Ile rangi ya waridi, nyekundu au kijani ni onyo kwamba si chakula. Kuosha hakusaidii: baadhi ya dawa hizo zimetengenezwa makusudi zipenye ndani ya mche ili mdudu akitafuna jani afe. Wewe unautafuna mche huohuo ukiwa na siku nne. Hata maharage ya gunia sokoni, kama muuzaji ameyahifadhi kwa dawa ya vumbi, si ya kuotesha. Chukua kiganja kimoja, yasugue juu ya sahani nyeupe. Ukiona unga mweupe au wa kijivu usiofanana na udongo wa shamba, au harufu kali ikakupanda puani, yaache. Nunua kwa mtu unayemfahamu, aliyehifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa bila kutia dawa.

Na hao wanaopita stendi na kwenye minada na chupa za "maharage hai" ya kutibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo kwa mpigo mmoja, waulize maswali mawili tu kabla hujafungua pochi: ni maharage ya aina gani, na yametokota muda gani? Niliwahi kumuuliza mmoja. Alinijibu kwa fahari kubwa kwamba hayajawahi kuona moto kabisa.