Anza na Coppola, na jenereta iwe na mafuta

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza wiki ya kufungua kibanda umiza chako uonyeshe kazi za mwongozaji gani wa filamu, bila siku hata moja kudoda. Mimi ningemchukua Francis Ford Coppola. Alitoa The Godfather mwaka 1972, mwaka 1974 akashusha mbili, The Conversation na The Godfather Part II, kisha Apocalypse Now mwaka 1979. Nne mfululizo, hakuna makapi.

Kwenye The Godfather, sogea karibu na spika ifikapo sehemu ya ubatizo. Michael, bosi mpya wa familia ya mafia, yuko kanisani, anaulizwa kama anamkataa shetani, anajibu kwa upole kabisa, na wakati huohuo watu wake wanamaliza maadui mmoja mmoja. Kinanda cha kanisa hakinyamazi. Hapo hata wale vijana wa dagaa wa Kibirizi, ninavyowajua kwa kelele, watatulia.

The Conversation usiiweke Jumamosi. Ni ya fundi wa kunasa mazungumzo ya watu, inakwenda taratibu, na mteja aliyezoea ngumi atadai hela yake.

Part II inapita saa tatu, kwa hiyo anza mapema. Apocalypse Now ilipigwa picha Ufilipino. Kimbunga kiliharibu seti na mwigizaji mkuu, Martin Sheen, akapata mshtuko wa moyo katikati ya kazi. Wasimulie kabla hujabonyeza.

Ukitafuta zilizotafsiriwa, chagua DJ, yaani yule anayetafsiri kwa sauti juu ya filamu, anayejua kunyamaza. Wengine wanaongea mpaka juu ya kinanda.