Meneja aliposema "speak up"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huku Nungwi. Kwenye kikao nilisalimia tu, nikakaa kimya. Meneja wetu, Mwingereza, akaniambia "speak up". Nikarudia salamu kwa sauti kubwa, wenzangu wakaangua kicheko. Nilikosea wapi? Hata kuhusu zamu ya usiku nina langu la kusema, ila sikulisema.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wala usione haya, maana uliyoishika ipo kweli: ongeza sauti, sikusikii. Ndiyo utakayoambiwa kwenye simu inayokatakata. Lakini "speak up" pia ni kutoa ya moyoni, kusema maoni yako bila woga. Angalia ulikuwa unafanya nini. Kama ulikuwa unaongea, anataka sauti. Kama ulinyamaza, anataka mawazo yako. Meneja alitaka kukusikia wewe, na hilo ni jambo la heri.

Ukisikia "speak up for" fulani, hapo ni kumtetea. "Speak out" ni nzito zaidi: kusema hadharani, mara nyingi kupinga dhuluma. Usiitumie kwa habari ya mataulo yaliyochelewa kutoka dobi, watadhani unamshitaki mtu.

Na hiyo zamu ya usiku uliyoigusia mwishoni mwa barua yako, kawaambie kikao kijacho.