"Intend" haijalipa deni

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafsiri barua, katika ofisi moja pale Posta, bosi alinipa sentensi fupi: "Tutalipa ifikapo tarehe 30." Mimi nikataka Kiingereza cha kuvaa tai. Nikaandika "We intend to pay". Jibu likaja mstari mmoja: kusudio lenu tumelisikia, hela lini?

Nyie mnaoanza kazi hii, shikeni hapo. "Intend" ni kukusudia, kunuia. Inaeleza kilichomo moyoni mwa mtu, haisemi kama kitatokea. Kwa Kilatini ilikotoka, ilikuwa pia kuvuta upinde. Mshale bado haujaachiwa. Wanasheria wanaijua vizuri hiyo. Notisi ya kusudio la kukata rufaa si rufaa yenyewe, na hapa Tanzania anayetaka kuishtaki Serikali hutanguliza notisi ya siku 90. Katika kesi za mauaji neno hilo ni zito zaidi: aliyeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia hana dhamana, wa kuua bila kukusudia anaweza kuipata.

Sasa mtego wa Dar. Mtu anakwambia, "Nategemea kusafiri kesho," nawe unaandika "I depend". Muulize kwanza. Ameshaamua? Hiyo ni "I intend to travel". Anatazamia tu, tiketi hana? Basi ni "expect". Na ile -na- ya "nakusudia" isikuvute kuandika "I am intending" kila mahali. "I intend" inatosha.

Kurudi kwenye Kiswahili ndiko kugumu, na hapa hata wakongwe tunateleza. "Intended for children" mtu anaigeuza "imekusudiwa kwa ajili ya watoto". Nenda Kariakoo ukamwambie hivyo muuza viatu, atakutazama mara mbili. Viatu ni vya watoto, basi. "I didn't intend to hurt you" ni "sikukusudia kukuumiza", lakini anayeomba msamaha kwa kweli husema "samahani, sikufanya makusudi". "No offence intended" mimi huandika "usinielewe vibaya", na sijawahi kujuta.

Ile barua? Niliandaa nyingine, safari hii "We will pay". Bosi akaisoma, akakuna kichwa, akanirudishia.

"Hebu weka ile intendi yako."