Baiskeli Isilazwe: Kuisimamisha kwenye Pikapu kwa Gharama Nafuu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba alinunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani pale Kariakoo, akailaza juu ya magunia kwenye pikapu ya shemeji yake, na alipofika nyumbani akakuta gia za nyuma zinagoma kuingia. Pole sana, mdogo wangu. Baiskeli ikilazwa kwa upande wa kulia, uzito wake hukilemea kifaa cha kubadilishia gia, na kile kipande chembamba cha aluminiamu kinachokishikilia hupinda taratibu kwa kila tuta la barabarani. Na matuta kati ya Kibaha na Chalinze tunayajua sote.

Nilipoanza safari za namna hiyo, niliingia duka moja la vifaa vya michezo nikaonyeshwa keria ya kigeni ya kubebea baiskeli garini, ambayo bei yake ilizidi thamani ya baiskeli yangu. Nilipouliza kama ipo ya bei nafuu, muuzaji alinitazama kuanzia kandambili hadi kofia, akaniambia kwamba mchezo huu si wa kila mtu. Maneno hayo bado ninayo. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Keko kutafuta mbao, na mwezi uliopita, tulipokwenda na wenzangu kupanda milima ya Uluguru, keria mbili za dukani zililegea kabla hatujaiona Chalinze, ilhali mbao yangu haikusogea hata kidogo. Nilikaa kimya, lakini nadhani kila mmoja aliona.

Siri iko kwenye ekseli ya mbele. Watu huzungusha kamba fremu nzima, wakasahau kwamba baiskeli iliyotolewa gurudumu la mbele, kisha ikabanwa barabara kwenye uma wake, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu hilo, haina pa kuangukia. Chukua mbao ya mbili kwa nne, uikate kwa upana wa bodi ya pikapu, pungufu kidogo tu ili iingie kwa kusukumwa, kisha uifunge kwenye pete za kufungia mizigo zilizomo ndani ya bodi. Usitoboe bati, hasa kama unaishi pwani, kwa maana chumvi ya bahari hailisamehe tundu. Juu ya mbao hiyo ndipo panapokaa kishikizo cha uma.

Kishikizo chenyewe hakina sababu ya kununuliwa dukani. Mwombe fundi baiskeli kitovu cha zamani cha gurudumu la mbele, kile cha chuma, kwa kuwa cha aluminiamu hakikubali kuchomelewa kwa mashine ya kawaida. Kata spoki, toa ekseli, gololi na grisi yote, kwangua kromu mahali pa kuchomelea, kisha mpelekee fundi wa Gerezani akichomelee juu ya kipande cha chuma bapa chenye matundu ya skrubu. Ukirudisha ekseli na nati zake, umemaliza. Kabla ya hapo, pima nafasi iliyo kati ya miguu miwili ya uma wako: baiskeli nyingi za kisasa zina milimita 100, ilhali vitovu vya zile baiskeli nzito za zamani huwa vyembamba zaidi na vitahitaji washa za kujazia. Kama baiskeli yako inatumia ekseli nene ya kupenya, yenye milimita 12 au 15, achana na kitovu. Chomelea kipande cha bomba ambalo ekseli hiyo inapita bila kucheza, chenye urefu sawa na nafasi ya uma.

Gurudumu la mbele likishatolewa, baiskeli nyingi hukaa ndani ya bodi ya Hilux ya milango minne, ambayo urefu wake ni kama mita moja na nusu. Ile ya milimani yenye magurudumu ya inchi 29 huenda ukalazimika kuiweka kwa mshazari. Gurudumu la nyuma lifunge kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ukivuta kulia na kushoto kuelekea chini, kwa sababu mpira hubana bila kukwaruza rangi.

Wenye breki za diski zinazotumia mafuta, ninawasihi: gurudumu likitoka tu, chomekeni kipande cha boksi gumu kati ya pedi. Mtu akibonyeza breki kwa bahati mbaya wakati hakuna diski, pedi hukutana, na kuzitenganisha ni kazi ya kumtia mtu machozi.

Vijana wenzangu, tuache kuamini kwamba kitu kisichokuwa na nembo ya kigeni hakifai. Mafundi wetu wanatengeneza mageti, matrela na vitanda vya hospitali. Watashindwaje kushika uma wa baiskeli? Tena mlipeni fundi anachostahili, msimpunje kwa sababu tu mali ghafi ilikuwa chakavu.

Msomaji wangu aliuliza pia kuhusu baiskeli mbili. Weka vishikizo viwili kwenye mbao mbili, moja mbele ya bodi na nyingine karibu na mlango wa nyuma, ili baiskeli zitazame pande tofauti. Usukani wa moja utapita juu ya gurudumu la nyuma la nyingine bila kugusana. Pedeli za upande wa ndani zifungue kwa spana namba 15, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa.