Maswali na Majibu ya Kijapani: Unapotaka Mwingine Atende

Safari hii nimeyakusanya maswali yanayohusu jambo moja, nalo ni namna ya kueleza kwa Kijapani kwamba unataka mtu mwingine afanye kitu fulani. Nachukulia kwamba msomaji analijua umbo la te, yaani umbo la kitenzi linaloishia kwa te au de. Asiyelijua na aanzie huko kwanza.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilimwalika rafiki yangu Mjapani kwa kumwambia "Anata ga kitai", nikikusudia "nataka uje". Akabaki ananitazama. Nimekosea wapi?

Marahaba. Umekosea kwa sababu -tai hutumika pale ambapo mwenye hamu ndiye huyo huyo mtendaji. Kitai ni hamu ya kuja mwenyewe, na hakuna namna ya kuipachika kwa mwingine kwa kuongeza anata mbele yake. Kiswahili hutuzoesha vingine, kwa kuwa "nataka kuja" na "nataka uje" hutumia kitenzi kile kile cha kutaka, na kazi ya kumtambulisha mtendaji huachiwa hilo "uje". Katika Kijapani muundo mzima hubadilika: kitendo huwekwa katika umbo la te, hufuatwa na hoshii, na mtendaji huwekewa kijineno ni. Ndipo tunapata Tanaka-san ni kite hoshii, yaani nataka Bwana Tanaka aje. Ikiwa unachokitamani ni tukio na si tendo la mtu, kijineno ni hupisha kijineno ga: Ame ga yande hoshii, natamani mvua ikatike.

Nawaonya pia wale wanaoandika hoshimasu. Hoshii ni kivumishi, hukanushwa kwa hoshikunai na wakati uliopita ni hoshikatta. Nimelirudia hili mara nyingi mno, na atakayeniletea hoshimasu nyingine asisubiri jibu. Zaidi ya hayo, mwaliko haufanywi kwa kumtangazia mgeni matakwa yako. Mwulize tu: Kimasen ka, yaani hutakuja?

Swali: Je, te hoshii hutokea katika mtihani wa N4 au N3, zile ngazi za mtihani wa Kijapani wa JLPT?

Ijifunze kabla ya N4. Maswali ya "itatoka kwenye mtihani?" yananijia kila mara, na wanaoyauliza ndio hao hao wanaonilalamikia baadaye kwamba wamefaulu lakini hawawezi kuomba hata glasi ya maji.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya te hoshii na te moraitai? Programu ya simu yangu inazitafsiri sawasawa.

Programu yako haikudanganyi, ila haijakwambia lililo muhimu. Zote mbili humwekea mtendaji ni, na baina ya marafiki waweza kuzibadilishana bila hasara. Lakini moraitai imejengwa juu ya kitenzi morau, yaani kupokea, kwa hiyo ndani yake kuna mtu anayekufanyia hisani nawe unayeipokea; ndiyo maana kwa kawaida hatuitumii kwa mvua wala kwa majira ya kuchipua, ambayo hayamfanyii mtu hisani. Hoshii hueleza matamanio yako tu. Tena morau ina mwenzake wa unyenyekevu, itadaku, ambapo hoshii haina ngazi ya kushukia. Shika neno hilo, kwa maana linalijibu swali lifuatalo.

Swali: Niko kwenye mafunzo kazini nchini Japani. Nilimwandikia msimamizi wangu "Kono shigoto o oshiete hoshii desu", yaani nataka unifundishe kazi hii. Hakukasirika, lakini alijibu kwa ufupi sana. Nilitumia desu, adabu gani tena ilipungua?

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na sikulaumu wewe pekee, kwani tumelea kizazi kinachodhani kwamba desu ni sukari, ukiinyunyiza mwishoni basi chai yote imekolea. Desu inamheshimu msikilizaji katika namna ya kusema, lakini haibadilishi ulichokisema, nacho ni kwamba wewe mdogo umemweleza mkubwa wako kile unachotaka akitende. Wahusika wa katuni husema kite hoshii (nataka uje) na itte hoshii (nataka uende) kutwa kucha kwa sababu wanazungumza na marafiki, ndugu na wapenzi wao, si na msimamizi wa karakana.

Kwa mkubwa una njia mbili za kuaminika. Ya kwanza ni kuyageuza matakwa yawe swali, ili yeye abaki na nafasi ya kukataa: Oshiete itadakemasen ka, yaani je, naweza kupata hisani ya kufundishwa nawe? Ya pili ni kuyataja kwa unyenyekevu kisha kuiacha sentensi ikining'inia: Oshiete itadakitai no desu ga, yaani ningependa unifundishe, lakini... Hiyo ga ya mwisho isiondolewe kwa kudhani kwamba sentensi haijakamilika, kwa sababu kutokamilika huko ndiko kunakomwachia mkubwa aseme yeye. Katika barua pepe za kikazi utakutana na Gokakunin itadakemasu to saiwai desu, yaani nitashukuru ukihakiki. Wala usikimbilie te kudasai (tafadhali fanya) kwa kuwa kitabu cha kwanza kiliiita ya adabu. Kwa mkubwa bado ina sauti ya maagizo.

Na kwa kuwa tumefika hapo: usimwulize mkubwa matamanio yake moja kwa moja pia. Kōhii ga nomitai desu ka (unataka kunywa kahawa?) ni sahihi kisarufi lakini haifai ofisini. Sema Kōhii wa ikaga desu ka (kahawa, je?).

Swali: Nichague naide hoshii au te hoshikunai?

Shashin o toranaide hoshii humwelekea mtu: naomba usipige picha. Shashin o totte hoshikunai huelekea zaidi moyo wako: sipendi picha zipigwe, hata kama hakuna aliyeshika kamera bado. Ukitaka kumzuia mtu, tumia ya kwanza kwa unayemzoea; kwa mgeni, toranaide itadakemasen ka.

Swali: Nitasemaje "mama anataka niwe daktari"?

Haha wa watashi ni isha ni natte hoshii to itte imasu. Kijineno ni cha kwanza ni cha mtendaji, cha pili ni cha kile utakachokuwa. Usiikatize sentensi kwenye hoshii, kwa maana moyo wa mtu mwingine hausemewi hivyo. Ama unanukuu alichosema, kama hapa, ama unaeleza unachokiona kwake kwa hoshigatte imasu. Hii ya pili usimtumie mkurugenzi wako, kwani humfanya aonekane kama mtoto anayelilia kitu.

Swali: Kwenye vikaratasi vya kuandikia maombi vya Tanabata, sikukuu ya Kijapani ya tarehe 7 Julai, sioni hoshii mara nyingi. Kwa nini?

Kwa sababu dua haisemwi kwa mtu anayeombwa atende. Huandikwa kwa masu yō ni: Haha no byōki ga naorimasu yō ni, ugonjwa wa mama upone. Sentensi huishia hapo, na kitenzi cha kuomba huachwa bila kutajwa. Muundo huo huo utauona kwenye vibao vya mbao katika mahekalu ya Shinto, hasa vya wanaosubiri mitihani.

Swali: Hoshii iandikwe kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina?

Baada ya te, andika kwa hiragana, yaani herufi za silabi. Kanji iache kwa hoshii ya kutaka kitu chenyewe, kama vile gari au fedha.